Viti vilivyochoka kwenye gari la spoti la zamani: anzia chini, ngozi ije mwisho

Mkuu, kwa nilivyokuelewa, gari lako ni la viti viwili la miaka ya 1990 na kinachokusumbua ni kiti cha dereva: ubavu wa upande wa mlango umechanika, kikalio kimebonyea, na ukikanyaga breki kiti chote kinasogea kidogo. Unauliza ushone upya, utafute viti vya mtumba vya gari hilohilo, au uweke viti vya mbio vya ganda moja, yaani vile ambavyo kikalio na egemeo ni kipande kimoja. Naona majibu mengi yameanzia kwenye ngozi na rangi ya uzi. Mimi ningeyaacha hayo hadi mwisho kabisa.

Hapo una matatizo matatu, si moja. Mchaniko ni wa kava. Kubonyea kunatokana na sponji au springi zilizo chini yake. Kucheza ni kwa reli, vile vyuma ambavyo kiti kinateleza juu yake mbele na nyuma. Ukimpelekea fundi wa viti kiti hicho na kumwambia aweke ngozi mpya, atakurudishia kiti kinachopendeza machoni na kinachocheza vilevile. Na ngozi mpya ikilazwa juu ya sponji iliyokufa haina cha kuivuta, itakunjamana mapema tu. Nimeifanya kazi hii kwenye Mazda MX-5 yangu ya kizazi cha kwanza, kile kilichotoka 1989, na nimeshika spana kwenye BMW Z3 na Porsche 944 za jamaa zangu. Kila mara kilichoonekana juu kilikuwa na chanzo chake chini.

Kwa hiyo kitoe kiti nje ya gari. Kwa kawaida ni bolti nne. Kwenye MX-5 spana namba 14 inatosha, magari ya Kijerumani mara nyingi yanataka biti za Allen au Torx. Kama gari ni la kukunja paa, maji yameshaingia mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo pulizia bolti za nyuma dawa ya kulegeza kutu siku moja kabla. Funika kizingiti cha mlango na blanketi zito, maana reli za chuma zinakwaruza rangi wakati wa kutoa kiti kuliko kitu kingine chochote.

Kabla ya kuchomoa waya wowote chini ya kiti, angalia kama kuna soketi ya rangi ya njano, ambayo ni ya mfuko wa hewa (eabegi). Mifuko ya hewa ya pembeni inayokaa ndani ya kiti ilianza kwa Volvo 850 mwaka 1994, na baadaye ikasambaa hadi kwenye magari ya spoti. MX-5 ya kizazi cha kwanza haina, lakini usikisie gari lako, soma kitabu chake. Kama ipo, toa betri, subiri muda ulioandikwa kitabuni, ndipo uchomoe. Usiwashe swichi ya gari wakati kiti kiko nje, taa ya eabegi itabaki inawaka. Na usiweke mita ya umeme kwenye soketi hiyo kupima chochote, kwa sababu umeme mdogo wa mita unaweza kuufyatua mfuko. Kiti cha namna hiyo hakivalishwi kava la kujishonea nyumbani. Mshono wa upande ule umetengenezwa ukatike kwa nguvu maalumu mfuko unapofumuka, na uzi wa kawaida ulio imara unaweza kuuzuia.

Sasa kipindue. Sogeza reli mbele na nyuma kwa mkono, kisha shika egemeo ulitikise. Kwenye Z3 ya jamaa yangu kiti kilikuwa kinasogea kila akikanyaga mafuta na kila akifunga breki, na alishaanza kuulizia viti vingine. Tatizo lilikuwa bushi ndogo za plastiki ndani ya reli, zimesagika zikaisha. Ni ugonjwa unaojulikana sana kwa magari hayo. Tuliweka bushi mpya, tukasafisha grisi ya zamani iliyochanganyika na mchanga, tukapaka mpya kidogo, kiti kikatulia bila kugusa hata mshono mmoja. Angalia pia kama kufuli za reli zinaingia pande zote mbili kwa pamoja. Kufuli la upande mmoja likichelewa, kiti kinakaa kimepinda na utailaumu sponji bure. Fremu nayo ikague kwenye pembe na mahali egemeo linapoungana na kikalio. Ukiona ufa pale, apelekewe mtu anayejua kuchomelea vyuma vinavyobeba uzito. Kiunzi hicho ndicho kinachokushikilia siku ya ajali.

Springi hazichukui muda. Waya uliokatika au ndoano iliyochomoka utaiona. Magari ya Kiingereza ya zamani kama MGB hayana springi kwenye kikalio bali mpira uliotandazwa na kushikwa kwa ndoano, nao mpira ukizeeka unalegea na kuchanika. Unabadilishwa wote, haubandikwi.

Sponji ndipo penye kazi. Bonyeza kwa dole gumba halafu achia. Ikirudi polepole au ikabaki na shimo, imechoka. Ikitoa unga wa njano chini ya kiti, imeoza, na unga huo ndio ambao umekuwa ukiufagia kwenye zulia bila kujua unakotoka. Kwa gari la chini, ubavu wa nje wa kiti cha dereva hufa kwanza, kwa sababu kila anayeingia au kutoka anauburuza mwili wake juu yake. (Ukitaka ukarabati udumu, jifunze kuingia kwa kutanguliza makalio huku umejishika kwenye kizingiti, kisha zungusha miguu. Ni bure, na hakuna dawa ya ngozi inayoufikia ujanja huo.)

Kama kiwandani au kwa watengenezaji wengine kuna sponji mpya iliyomiminwa kwa umbo la gari lako, nunua hiyo, usijitese. Kama hakuna, ubavu unarekebishika. Kata sehemu iliyooza hadi ufike kwenye sponji hai, ukate kwa mshazari ili gundi ipate eneo kubwa la kushika. Weka kipande kipya kikubwa kuliko kinachohitajika, paka gundi ya kugusanisha pande zote mbili, subiri hadi inate kidoleni bila kuacha uzi, ndipo uunganishe. Kisha chonga. Kisu cha umeme cha kukatia mkate kinafanya kazi hii vizuri ajabu, na ya kumalizia ni msasa mkavu wa punje kubwa. Juu yake tandaza sponji nyembamba ya milimita 5 hivi ili kiungo kisionekane kupitia kava. Usitumie sponji ya godoro laini. Uzito wa sponji na ugumu wake ni vitu viwili tofauti: nzito hudumu, ngumu hukushika. Kwenye kikalio tafuta nzito yenye ugumu wa kati, kwenye mbavu ngumu zaidi. Na ile mifereji iliyochongwa kwenye sponji usiizibe, ndimo waya za kava zinamozama kuleta umbo la kiti.

Kama wewe ni mrefu na kichwa kinagusa paa, jambo ambalo wenye MX-5 wanalijua, hapa ndipo pa kupata sentimita mbili tatu. Kata sponji upande wa chini, usiguse uso wa juu. Ila uache unene wote wa ukingo wa mbele chini ya mapaja, kwa sababu ndio unaozuia nyonga zisiteleze chini ya mkanda gari linapogonga.

Tukija kwenye kava, swali la kwanza ni kama inahitaji kushonwa kabisa. Ngozi nyingi za magari ya miaka ya 1980 kuja huku zimepakwa rangi juu na kufunikwa kinga ya plastiki nyembamba. Mipasuko midogo unayoiona mara nyingi iko kwenye rangi tu, ngozi yenyewe ni nzima. Hiyo inatibika: osha kwa sabuni ya ngozi na brashi laini, ondoa mafuta yote, piga msasa wa 600 na maji kidogo, jaza mipasuko kwa kijazo kinachonyumbuka, kisha rangi ya maji kwa tabaka nyingi nyembamba na kinga ya juu isiyong'aa. Tabaka moja nene litapasuka, kumi nyembamba zitapinda na ngozi. Yale mafuta ya kulainisha ngozi yanayosifiwa kila mahali hayapenyi kinga hiyo, yanakaa juu na kukusanya vumbi. Niliyapaka kwenye 944 kumridhisha mwenye gari, na tulipokuja kupaka rangi kazi kubwa ikawa kuyaondoa.

Kwako ubavu umeshachanika, kwa hiyo kipande hicho lazima kibadilishwe. Si lazima kava lote. Fundi mzuri atafumua kipande kimoja, akikate upya na kukirudisha palepale. Kinachohitajika ni kulitoa kava kwa utaratibu: piga picha kila pembe, kata viringi vya waya vinavyolibana kwenye sponji, na zile fimbo nyembamba zilizopita kwenye mapindo ya kitambaa zitoe uziwekee alama, moja moja, kwa sababu zina urefu tofauti.

Hapa kuna ujanja ambao sijaona mtu akiutaja. Usichukue kipimo kwenye kipande kilichochanika cha kiti cha dereva. Kimekaliwa miaka 30, kimevutika hadi hakina tena umbo lake. Chukua kwenye kiti cha abiria. Mara nyingi viti hivyo viwili ni kama kiganja cha kulia na cha kushoto: ubavu wa nje wa abiria ukiugeuza kifudifudi unakuwa ubavu wa nje wa dereva. Fumua upande mmoja tu, andika namba nyuma ya kila kipande, weka alama za kukutania kabla ya kutenganisha, na upande wa pili uache mzima uwe kielelezo chako.

Ngozi ya unene wa milimita 1 hadi 1.3 inatosha. Sehemu ya tumbo la ng'ombe inavutika sana, ielekeze mgongoni mwa kiti au mahali pasipokaliwa. Reksini nzuri kwenye sehemu za pembeni si aibu, hata viwanda vilifanya hivyo kwenye viti vilivyouzwa kama vya ngozi. Uzi uwe wa poliesta, unastahimili jua kuliko nailoni, na kwenye gari la paa wazi hilo si jambo dogo. Kabla ya kuvalisha, lipashe kava joto, kwa jua au mvuke, livutike bila kulazimishwa.

Alcantara, kitambaa laini kinachofanana na ngozi ya suede, ina wapenzi wake. Ilibuniwa Japani mwaka 1970, ni poliesta na poliurethani, haitelezi na haiunguzi mapaja juani. Kwenye sehemu za katikati ni nzuri sana. Kwenye ubavu unaoburuzwa kila siku itaota vinundu, mimi nisingeiweka.

Viti vya mtumba vya gari hilohilo: nunua ukitaka fremu na reli nzima, usinunue kwa ajili ya sponji. Vina umri uleule. Viti vya Recaro vilivyokuja na Honda Integra Type R au Mitsubishi Lancer Evolution ni vizuri kweli, ila pima kwanza upana kati ya kizingiti na handaki la gia, na urefu wa uso wa kiti kutoka sakafuni. Magari madogo ya viti viwili hayana nafasi ya kubahatisha. Kumbuka pia kwamba kwenye magari mengi kifungio cha mkanda kimeshikwa kwenye kiti chenyewe, kwa hiyo kiti kipya lazima kiwe na mahali imara pa kukifunga.

Viti vya ganda moja ningekushauri uviache, kama gari ni la barabarani. Kuingia ni mateso na egemeo halilali. Ukisisitiza, tafuta chenye lebo ya FIA 8855-1999 (kiwango cha shirikisho la kimataifa la mbio za magari) ujue mwaka wake, kwa sababu kwa mashindano muda wake ni miaka 5 tangu kitengenezwe. Vishikio vya pembeni viwe vya chuma kisichopungua milimita 3, au aluminiamu ya milimita 5, bolti za milimita 8 au zaidi. Na usifunge mikanda ya mbio ya mabegani kwenye sakafu nyuma ya kiti. Isishuke zaidi ya nyuzi 45 kutoka mlalo, la sivyo kwenye mgongano inakandamiza uti wa mgongo.

Wakati wa kurudisha, anza bolti zote nne kwa mkono, peleka kiti mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwisho uone reli hazijapinda, ndipo ukaze kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza kama kitabu kinavyosema. Ukishakipindua kiti chako weka hapa picha za upande wa chini, hasa reli ya upande wa mlango na kiungo cha egemeo, tuone kama ni bushi tu au fremu nayo imeguswa, kabla hujalipia ngozi.