Gesi tumboni na choo kigumu: bakteria wanahusikaje?

SWALI: Daktari, nilimaliza dozi ya antibiotiki kwa ajili ya jino, na tangu hapo tumbo linajaa gesi na choo ni kigumu, napata mara mbili tu kwa wiki. Nimeambiwa bakteria wazuri wa tumboni wamekufa, hivyo nikaanza kula pumba za ngano, vijiko vinne vikubwa kila siku. Gesi imezidi. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana. Antibiotiki haichagui: inaua bakteria wa jino pamoja na wengi wa utumbo mpana. Sehemu kubwa yao hurejea ndani ya wiki au miezi michache. Linalokutesa sasa ni pumba nyingi za ghafla juu ya choo kisichotembea.

Bakteria hawa huchachua nyuzinyuzi na sukari ambazo utumbo mwembamba haukuweza kuzisaga, wakitoa haidrojeni na kaboni dioksidi. Baadhi ya watu wana pia vijidudu vinavyotengeneza methani, nayo hupunguza mwendo wa utumbo. Choo kikichelewa, utumbo unaendelea kufyonza maji yake, kinakauka, na bakteria wanapata muda zaidi wa kuchachua. Kwa hiyo shughulikia choo kwanza. Gesi itapungua yenyewe.

Acha pumba kwa siku 3 au 4. Kisha tumia maganda ya isabgol (maganda ya mbegu za mmea uitwao pia psyllium), yasiyochachuka sana: kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 250 za maji, unywe papo hapo kabla hayajavimba, ufuatishe glasi nyingine. Bila maji ya kutosha yatakuziba zaidi. Ongeza kijiko cha pili baada ya wiki. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka chakula chote, lakini panda gramu 5 hivi kila wiki. Maharage yaloweke saa 8 hadi 12, umwage maji hayo na kuchemsha kwa maji mapya, kwani sehemu ya sukari zinazoleta gesi hutoka humo.

Nenda chooni dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo mpana unasukuma kwa nguvu. Kama choo ni cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda na uiname mbele. Usibane haja ikija.

Kuhusu afya kwa jumla: bakteria wakila nyuzinyuzi hutoa butireti, nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Lakini vipimo vya choo vinavyouzwa kuonyesha “uwiano” wa bakteria havimwambii daktari akutibu vipi. Okoa pesa yako.

SWALI: Je, nisafishe tumbo kwa dawa ya kuharisha kila mwezi?

JIBU: Hapana. Utapoteza maji na potasiamu, na bakteria unaotaka warudi utawavuruga tena. Mtindi wenye bakteria hai, usiopashwa moto, ni salama zaidi kwa watu wengi.

Muone daktari mapema ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, unatapika, au tumbo limevimba na hata hewa haitoki. Hilo la mwisho ni la dharura, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama baada ya antibiotiki unaharisha maji mara 3 au zaidi kwa siku, usinywe dawa ya kuzuia kuharisha kabla ya kupimwa.