Siku kumi za kimya Igatpuri: yajue haya kabla hujajiandikisha

Wanafunzi wenzangu Watanzania hapa Pune, India, wananiuliza sana kuhusu siku kumi nilizokaa kimya Igatpuri, kwenye kozi ya kutafakari iitwayo Vipassana, na wengi wanadhani nilikwenda kupumzika. Kupumzika hakupo kule.

Ili uelewe kwa nini, anza na mapango ya Bhaja. Panda treni ya Lonavala, shuka Malavli, kisha panda ngazi hadi kwenye mapango hayo, yaliyochongwa mlimani miaka 2,000 na zaidi iliyopita. Karibu na ukumbi mkuu kuna vyumba vya watawa wa Kibudha, vidogo, na humo ndani vitanda vya jiwe. Nilikaa juu ya kimoja, baridi ikanipenya hadi mifupani. Aliyelala pale alikuwa amekuja kufanya kazi.

Kwa karne nyingi kutafakari kulihesabiwa zaidi kuwa kazi ya watawa. Waingereza walipomwondoa mfalme wa Burma mwaka 1885, Wabudha wa nchi ile walihofia dini yao itapotea, na mtawa Ledi Sayadaw akawa miongoni mwa waliowafundisha watu wa kawaida kutafakari. Kutoka kwake njia hiyo ilipitia kwa mkulima, Saya Thetgyi, ikamfikia U Ba Khin, mhasibu mkuu wa serikali, ambaye alimfundisha S.N. Goenka, mfanyabiashara aliyekuwa akiteswa na kipandauso. Goenka akaanza kuifundisha nchini India mwaka 1969. Mimi napenda sana mnyororo huu, maana ni wa watu wenye shamba, ofisi na duka.

Sasa masharti, na haya uyasome ukiwa bado nyumbani. Kwa siku zote kumi unaombwa uweke kando sala na ibada yoyote ya dini yako. Mimi ni Mkatoliki. Nilihangaika na sharti hilo wiki nzima kabla ya kulikubali. Rafiki yangu Muislamu aliona hawezi kuacha swala tano, akabaki Pune, na naamini aliamua vyema. Kama una maradhi ya akili au unatumia dawa zake, yaandike kwenye fomu. Usifiche, wala usiache dawa ili ukubaliwe.

Ada hakuna. Anayetaka kuchangia huchangia baada ya kumaliza.

Kengele hulia saa kumi alfajiri, na chakula cha mchana ni saa tano. Jioni wanaokuja kwa mara ya kwanza hupata chai na matunda tu. Siku tatu za mwanzo ni pumzi peke yake, inavyoingia na kutoka puani. Baadaye vinaanza vile vipindi vya kukaa saa nzima bila kubadili mkao, na hapo ndipo wengi hutamani kuondoka. Siku ya tano goti langu la kushoto liliwaka moto, nami kazi yangu ilikuwa kuliangalia tu. Nikaliangalia. Baada ya muda nilichokuwa nakiita maumivu kikaachana: joto upande huu, mpigo upande ule, na kitu kama siafu wakipita chini ya ngozi. Halafu ikasikika sauti ya Goenka akiimba kwenye kanda, ishara kwamba saa imekwisha. Amefariki tangu 2013, lakini bado ni yeye anayefundisha.

Nakusihi usiondoke kabla ya siku ya sita.

Siku ya mwisho nilirudishiwa simu, na ujumbe wa kwanza kuufungua ulikuwa wa ndugu yangu, maneno makali kuhusu pesa. Kifua kikapata moto. Nikakaa kwenye benchi nje ya lango nikiuangalia ule moto hadi uliposhuka, ndipo nikampigia.