Jibu: Pua ya mbwa imekauka na kupasuka, je, ana homa?

Mkuu, pua kavu peke yake si kipimo cha homa. Mbwa akiamka au akiota jua hukauka pua, akijilamba unyevu hurudi. Homa pima kwa kipimajoto njia ya haja kubwa. Kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2.

Nyufa ndogo: lainisha magamba kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, usiyabandue, kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi kidogo sana, mara mbili kwa siku. Mtembeze dakika kumi, la sivyo atayalamba yote. Krimu ya zinki usiguse, ni sumu akiilamba. Na bakuli lake la chakula likiwa la plastiki badilisha, weka la chuma.

Tundu moja tu likikauka, na jicho la upande huohuo likajaa tongotongo zito, shuku hitilafu ya neva (mshipa wa fahamu) ya uso. Weusi wa pua ukififia na vidonda vikatokea, daktari wa mifugo achukue kipande kidogo cha ngozi ya pua akipime. Hajachanjwa, anakohoa, na nyayo nazo zimekuwa ngumu? Hiyo yaweza kuwa distempa, ugonjwa hatari wa virusi wa mbwa, mpeleke leo. Damu puani pia usisubiri, hasa kama ana kupe.