Joka, jiwe na rangi inayopasuka: maswali yenu kuhusu kuchora yaliyo moyoni

Nataka kuchora hofu. Nikiweka bundi na fuvu, wenzangu wanasema picha hiyo wameshaiona. Nifanyeje? (Mwanjelwa, Mbeya)

Wenzako wana haki. Bundi amechoka, jamani, mwacheni apumzike. Umechukua sura ya ndege ukaiacha kazi anayoifanya kwenye simulizi za jadi. Kabla ya kushika penseli, andika simulizi kwa vitenzi tu: anameza, anafunga njia, anaita jina, anarudi usiku. Kisha tafuta kitenzi kinachofanana na hofu yako. Mwenye madeni anafuatwa. Anayeogopa kufiwa anaachwa. Hizo ni picha mbili tofauti kabisa.

Hapo chora vijipicha 6 kwa mkaa, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Kinachosomeka ukiwa hatua 5 nyuma ndicho cha kukuza. Alama moja itawale. Zikijaa, mtazamaji anaanza kufumbua fumbo badala ya kuguswa.

Joka la Ziwa Ngosi nimelichora mara tatu, linatoka kama bango la watalii. (Uyole)

Bila shaka umelichora zima, magamba yote, kinywa wazi. Linavyosimuliwa kule Poroto, joka hilo hubadilisha rangi ya maji likiwa ndani yake. Basi lifiche. Kwa akriliki, paka kijani kilichokolea, kiache kikauke kabisa. Changanya sehemu 1 ya buluu na sehemu 8 hivi za midiamu (kimiminiko cha akriliki kisicho na rangi), upitishe juu yake yote. Usizimue kwa maji matupu, maana yakizidi rangi haishiki, inabanduka. Kabla tabaka halijakauka (una dakika chache tu), futa kwa kitambaa chenye unyevu ukifuata njia ya mwili wa joka. Kijani cha chini kitachungulia, na macho yatalitafuta yenyewe.

Halafu waulize wazee. Joka la mvua kijiji hiki laweza kuwa joka la laana kijiji cha pili.

Kamwene! Picha yangu ya rangi ya mafuta, niliyoimaliza Julai, imepasuka usoni. (Iringa)

Kamwene. Chini ulipaka nene, juu ukapaka nyepesi yenye tapentaini nyingi. Ya juu ikakauka kwanza, ya chini ikaendelea kujongea, ngozi ikachanika. Baridi ya Julai huchelewesha zaidi. Anza na tabaka jembamba la rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini, ongeza mafuta ya kitani kadiri unavyopanda, na usipake juu ya rangi inayobonyea kwa ukucha. Ukiwa na haraka, tabaka za chini zipake akriliki. Kinyume chake, akriliki juu ya mafuta, usithubutu: itabanduka.

Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lafaa kuwa alama ya nafsi iliyojeruhiwa? (Ipogolo)

Tungekushauri uliache. Lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, liko kwenye makumbusho ya Kalenga, na ni la mtu mwenye ukoo wake. Jaribu Gangilonga, jiwe linaloongea, hapo hapo mjini kwenu. Jiwe lenye sauti ndani linabeba siri ya moyo bila kumgusa marehemu wa mtu.

Rangi za enameli za wachoraji wa Tingatinga je? (Tukuyu)

Zinafaa kwa simulizi zenye mistari mikali. Enameli, rangi ile ngumu inayong'aa, kwenye ubao mgumu haichanganyiki polepole kama mafuta, kwa hiyo ukungu wa Rungwe utakusumbua. Na kwa unyevu wa kwenu, paka ubao pande zote mbili, usije ukapinda.