Mtoto kupenda vitabu: anza kwa kumsomea

Dada, umeuliza ufanyeje mwanao wa darasa la tano apende vitabu, maana ukimwambia asome analeta daftari la shule. Mimi wangu nilianza kumsomea kwa sauti, robo saa baada ya chakula cha usiku, simu zote juu ya kabati. Nikifika pale mtu anabisha hodi usiku wa manane, nafunga kitabu. Siku ya tatu nilimkuta ndani ya neti na tochi, anamtafuta aliyebisha!

Usimpe mtihani akimaliza. Mwache asimulie mwenyewe, na kikimchosha akiache achukue kingine.

Kama uko Dar, mpeleke Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Vitabu vya mitumba vipo kule Posta, vimepangwa chini kando ya njia. Mpe hela kidogo achague mwenyewe, hata kama jalada limechakaa.

Wangu sasa anaazimisha wenzake wa mtaani. Nyuma ya daftari kaandika nani kachukua nini. Wako akipata anachokipenda, tuambie hapa, na sisi tukitafute.