Pampu isajiliwe kama mahali au kama kifaa?

Ndugu, umeuliza pampu ya maji ya boila uisajili kwenye SAP (programu ya kompyuta ya kusimamia kazi za kampuni, yakiwemo matengenezo) kama mahali au kama kifaa. Vyote viwili, ila ni rekodi mbili tofauti. Mahali (unakosajili kwa IL01; herufi na namba kama hizi ni amri za kufungua skrini za SAP) ni nafasi yake kiwandani: "pampu namba 2 ya boila". Nafasi hiyo haihami hata pampu ikiungua. Kifaa (IE01) ni chuma chenyewe, chenye namba ya mtengenezaji. Pampu ikienda karakana na nyingine ikafungwa, unazibadilisha kwa IE4N. Historia ya matengenezo inaifuata pampu, na nafasi inabaki na kumbukumbu ya pampu zipi zilikaa hapo.

Sisi tulianza kwa kusajili kila kitu kama mahali tu. Mota moja ikasukwa upya mara tatu bila mtu kugundua kuwa ni ileile, maana kila ikitoka karakana ilifungwa kwingine.

Beringi na sili usizifanye vifaa, utazidiwa na rekodi. Ziweke kwenye orodha ya vipuri vya pampu (IB01). Muundo wa namba za mahali ndio wa kukubaliana mapema, kabla hamjaingiza hata rekodi moja.