ASO 400 si hesabu ya bakteria
Dada wa Ngamiani, unauliza mbona mwanao kamaliza amoksilini siku 10, koo limepona, na kipimo chake cha damu kiitwacho ASO bado kinasoma 400. Kipimo hicho hakihesabu bakteria. Kinapima kingamwili, yaani protini za kinga, alizotengeneza dhidi ya streptolisini O, sumu ya streptokoka, bakteria waliomuumiza koo. Sumu hii hunasa kolesteroli kwenye utando wa seli, molekuli zake hujipanga duara, tundu linatoboka. Maji yanaingia, seli inavimba na kupasuka. Chembe nyekundu za damu nazo hupasuka vivyo hivyo. Maabara wakiotesha bakteria hao kwenye sahani yenye damu, pembezoni mwake panabaki peupe, ingawa hapo juu ya sahani kazi kubwa ni ya sumu yao nyingine, streptolisini S.

Kingamwili hupanda wiki 1 hadi 3 baada ya maambukizi, hufika kileleni wiki ya 3 hadi 5, kushuka ni miezi. Basi usimrudishie dawa kwa namba tu. (Vidonda vya ngozi vya bakteria hao haviipandishi ASO sana, mafuta ya asili ya ngozi huidhoofisha sumu.) Ila viungo vikivimba kwa kuhamahama, akihema juujuu, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, mpeleke hospitali ya Bombo leo leo.